Diraivu ya CD na Sauti ya Bibi

Alhamisi, Likoni. Tangu asubuhi mvua inakuja inaondoka, na mimi sijatoka ndani. Nimeinamia kompyuta kuukuu, bisibisi mkononi, nimenuna.

Jumamosi linapigwa vugo la arusi ya mpwa wangu Rukia. Vugo ni ngoma ya pembe ya wanawake peke yao, na nyimbo zake za kwetu alizijua bibi, mamake mama, ambaye sasa ni marehemu. Waliobaki wana ubeti mmoja mmoja tu, kwingine wanamung'unya. Lakini bibi alirekodiwa kwenye arusi ya dada yangu, na CD ipo. Isiposomeka, Rukia ataimbiwa vipande.

Mwanamke aliyeitwa kurekodi alizifunga nyimbo ndani ya programu ya siku zile, isiyofunguka kwenye kompyuta za sasa. Inataka mfumo endeshi wa zamani, na huo ninao kwenye dude hili la mezani tu. Diraivu yake ya CD ililiwa na kutu kitambo. Hewa ya chumvi haina huruma na vyuma. Kuna duka la kompyuta Kisauni wangenifanyia, ila mafundi wake wote wanaume, na mama alikataa kabisa.

"Sauti ya mamangu isikizwe na vijana dukani? Hapana, wallahi."

Basi nikapata diraivu kuukuu kwa muuza vyuma chakavu wa Mikindani, nikaifunga. Kompyuta ikawaka, diraivu haionekani. Nikabadilisha waya. Wapi. Nikasema leo sili mpaka ikubali. Mama ananijua, akafunika bakuli la mchuzi akaniacha.

Kosa nimeliona baada ya adhuhuri. Diski ya ndani na diraivu zinatumia waya mmoja, na nyuma ya kila moja kuna kiplastiki kidogo cha kuamua ipi iwe ya kwanza, ipi ya pili. Zote mbili zilikuwa zimepangwa za kwanza. Nikakihamisha cha diraivu kwa kibano cha nyusi cha mama. Mfumo ukaiona, ila ukaitia alama ya njano ya hitilafu. Nikaiondoa kwenye orodha ya vifaa, nikazima, nikawasha, nikauacha uitafute wenyewe.

Taa ya diraivu ikawaka.

Nakiri, sikuhangaika kwa ajili ya Rukia peke yake. Bibi ndiye aliyenilea, na sauti yake imeanza kunipotea. Nilitamani mno kuisikia. Mimi mjukuu wake, nilijiambia, kwenye vugo sihesabiwi mwanamume.

Nikamwita mama. Akaja akakaa kitandani, akijifuta mikono kwa leso. Nikabonyeza. Kelele za wanawake, pembe zikigongwa, kisha bibi mwenyewe, wazi kama yuko jikoni:

"Wanaume washatoka wote?"

Mama akanitazama.

"Naam bibi, natoka," nikasema, nikainuka.

Haya nayaandika barazani kwa simu, mlango umefungwa. Mama analia huko ndani, kisha anacheka, kisha anaimba akimfuata mamake. Mvua inapiga mabati, sishiki hata neno moja, wala sijasogea mlangoni.

Kesho nitazitoa nyimbo kwenye programu hiyo nizitie kwenye flashi kabla diraivu haijabadili nia. Sauti nitakuwa nimeizima.