Senene na Sala ya Taifa

Shikamoo Mama,

Hapa Ihanda kwa Bibi ni baridi, na kila mlo ni ndizi.

Leo alfajiri niliongoza kanisani sala ya kuombea amani ya nchi. Niliiandika siku tatu, na mtaa wetu nikautaja, kwa zile risasi mlizozisikia. Sijamaliza mstari wa pili, mtu akaita mlangoni, “Senene wameanguka!” Wakatoka wote kuokota panzi hao wa kukaanga, hata mzee wa kanisa. Watu wazima, Mama! Nililia kwa hasira.

Bibi akarudi, kitenge kimejaa senene wanaorukaruka.

“Nani kakwambia uache? Soma, mjukuu wangu.”

Nikasoma yote. Amina tuliitikia wawili tu.

Mtaa wetu umeombewa, Mama. Lakini mfunge mlango mapema.

Mwanao akupendaye,
Neema