Sauti Nyuma ya Ukuta wa Boma

Baba,

Shikamoo. Najua hutaitikia, lakini siwezi kuanza bila kukuamkia.

Tulifika Biharamulo juzi, mimi na Mama, kuchukua begi lako lililobaki hapa. Usafiri wa kurudi Ngara hatujapata. Malori yote yamejaa chakula cha wakimbizi, kama lile ulilokuwa unaendesha. Kwa hiyo tumelala hapa kwenye boma la zamani la Wajerumani, ambalo sasa ni nyumba ya wageni, chumba kilekile ulichokuwa unapewa. Hukuniambia kuta zake ni nene hivi. Nje jua linawaka, ndani unatafuta sweta. Ukikohoa, kikohozi kinatembea barazani, kinapita kwenye matao, kinarudi kama cha mtu mwingine.

Mama Edisa, anayefua mashuka hapa, aliniuliza, "Wewe ndiye uliyekuwa unabembelezwa?"

Sikumwelewa.

"Baba yako kila akifika anajifungia. Lala, lala, nitalala. Nikamtania: shemeji, mtoto umemficha wapi, uvunguni?"



Siku ile uliposema mbele ya wenzangu, "Leo nitarara Biharamulo," nilikusahihisha kwa sauti: "Nitalala!" Wakacheka. Nawe ukacheka. Tangu hapo hukunisemesha Kiswahili tena, Kihangaza chetu cha nyumbani tu, hadi lori lako lilipopinduka. Nimekuwa nikiamini umekufa umenikasirikia. Kumbe ulikuwa unajifunza.

Jana mchana Mama alikwenda sokoni. Nilikuwa kitandani nasoma. Nikasikia nyuma ya ukuta, polepole, kama mtu anayepapasa jino bovu kwa ulimi: "Nita... nitala..."

Nilitoka nje kuangalia. Nyuma ya ukuta ule hakuna chumba. Kuna majani na mteremko tu. Niliporudi ndani nikaugusa. Ulikuwa baridi kote, isipokuwa mahali pamoja, pana kama mgongo wa mtu aliyeegemea. Hapo palikuwa na joto.

Sikukimbia, Baba. Niliegemea hapo mpaka pakapoa. Nikakwambia nisamehe, inatosha, nilikuelewa tangu mwanzo. Sauti haikurudi.

Lori limepatikana, Mama ananiita.

Darasani kwetu ameingia msichana aliyevuka mpaka kutoka Burundi. Akisoma kwa sauti wenzangu wanacheka matamshi yake, na sasa hafungui mdomo. Mimi pia nilicheka. Jumatatu nahamia dawati lake. Nakuahidi.

Pumzika, Baba.

Mwanao,
Adela