Rafiki Yangu Ananiita "Ninyi"

Mpendwa mshauri, naomba unisaidie kabla ya Jumamosi, maana nimecheza mpira hapa La Chaux-de-Fonds ujana wangu wote ubavuni mwa Aurèle, yeye beki mimi kiungo, safarini tukilala chumba kimoja, akamsimamia mwanangu ubatizo, na nilipostaafu nikapewa timu yetu niifundishe, nikaogopa wachezaji watanidharau, basi siku ya kwanza nikawaambia wasiniite "wewe" kama mshikaji bali "ninyi", wingi wa heshima wa lugha yetu ya hapa, kama mtu anavyomwita hakimu, wakacheka wote isipokuwa Aurèle, yeye akasema, "Sawa, kocha, mtakavyo," na tangu hapo hajaniita "wewe" tena, hata mazikoni kwa mama yake nilipofungua mikono nimkumbatie alinipa mkono tu, "Asanteni kwa kuja," nikalia garini, na nyumbani mke wangu Séverine ananikejeli, "Mheshimiwa, ninyi mnataka chumvi?", na sasa Jumamosi ni mechi ya mwisho ya Aurèle, tukifungwa tunashuka daraja, magoti yake yamekwisha, lakini naona nikimpanga atanisamehe. Nimpange?
Yvan

Yvan, pole. Sasa nisikilize: usimpange.

Unataka timu nzima ishuke daraja ili dhamiri yako ipate usingizi? Huo ni woga uleule wa siku ya kwanza, umevaa koti jingine. Nani aliwadanganya makocha wa nchi hii kwamba heshima inaletwa na sarufi? Wale wachezaji walikuheshimu kwa pasi zako, bwana!

Na desturi yetu unaijua: mwenye cheo ndiye anayetoa "wewe", wa chini haombi. Aurèle hata akitaka kurudia "wewe", hawezi. Mlango uliufunga wewe, kitasa kiko upande wako, halafu unakaa kusubiri afungue yeye! Mbele ya jeneza la mama yake ulifungua mikono, mdomo ukaufumba.

Nenda kwake kesho, kabla hujabandika majina. Usimwite ofisini. Beba chupa ya divai nyeupe. Kwanza mwambie hachezi, na usilainishe. Atakasirika, mwache akasirike. Kisha mimina, mgonganishe glasi, useme, "Mimi ni Yvan. Niite wewe," kama watu wanaokutana leo, maana ndipo mlipofika.

Huenda akajibu, "Asanteni, kocha." Usimrekebishe. Maliza glasi yako, shuka ngazi, uende nyumbani.

Kama atakusamehe, sijui. Ila kuanzia kesho, akikuita "ninyi", atakuwa amechagua mwenyewe.