Nyama Isiyo na Kichwa

Dada Kamene,

Jua la Voi linachoma hata kivulini, lakini tulifika salama kwa wakwe huku Ndara. Mwanao Musyoka hakuleta mbuzi wa mahari. Alileta kikopo cha nyama wanayokuza kwenye maabara anakofanya kazi, na alisema ni ghali kuliko mbuzi mzima.

Wazee walionja, wakasema ni laini. Kisha mjomba wa bibi harusi akadai kichwa, maana kwao ni haki yake. Musyoka akaeleza kwamba hakuna aliyechinjwa. Walimtoa ng'ombe kipande kidogo tu cha nyama, wakakikuza, na ng'ombe mwenyewe yuko Nairobi anakula majani.

"Vizuri sana," mjomba akasema. "Basi mleteni huyo."

Huyo ni wa kampuni, dada. Uguza mguu pole pole, na yule ng'ombe wako mwekundu mlishe vizuri.

Mdogo wako,
Syombua