Nyekundu Isiyotoka

Tabora, 9 Juni 1973

Dada Josepha,

Shikamoo. Nyumbani Ntalikwa tu wazima, isipokuwa Mama anakohoa kidogo. Mizinga ya nyuki ya marehemu Baba nimeirina asali. Nta imejaa debe zima.

Siku ya mazishi uliniuliza: wewe unayepima makohozi hospitalini, ilikuwaje kifua kikuu kimuue Baba usikione? Leo nakujibu.

Mdudu wa ugonjwa huo amevikwa mafuta mazito kama nta. Hiyo ndiyo ngao yake, mwili unashindwa kumsaga. Mimi huyapaka makohozi rangi nyekundu, nikayapasha moto, kisha nikayamwagia tindikali. Vingine vyote hupoteza rangi. Yeye hubaki mwekundu ndani ya nta yake. Katika kikopo cha Baba sikuona mwekundu hata mmoja. Nikaandika "Hakuna", nikarudi nyumbani nikiimba.

Juzi Mama kaniambia. Baba aliona haya mwanawe wa kumzaa ayachungulie makohozi yake. Basi Mama akatema yeye, akafunga kikopo, Baba akanikabidhi.

"Nilimsitiri mume wangu," alisema. Nilitaka kukasirika, dada, nikashindwa, maana hapo hapo alianza kukohoa.

Nikampa kikopo kingine. Leo asubuhi nimemwaga tindikali mara mbili, na wekundu haukutoka.

Daktari ameagiza sindano zianze Jumatatu tarehe 18. Mama bado hajui. Njoo kabla ya siku hiyo tumwambie pamoja, kwa sababu peke yangu naona haya.

Mdogo wako,
Raymundi