Spika ya Baba Nasimiyu

Jumatatu, 6 Agosti 2007
Nimekama ng'ombe. Chai iko. Baba Nasimiyu ameamka na mgongo wake. Ng'ombe mzima, ndama mzima, kuku wote wako. Mimi niko, nimechoka tu.

Mzigo ambao binti yetu Nasimiyu ametuma umefika kutoka Bungoma, nimeuchukua stendi hapa Kitale. Mbao zimekatwa tayari, spika moja kubwa, waya, skrubu, gundi. Ni za kuunda boksi, tuunganishe na redio. Masikio ya baba yake yameisha kwa mashine za kiwanda cha Webuye, alikofanya kazi. Mwezi uliopita redio ilitangaza kifo cha Wanyonyi, rafiki yake wa Bokoli. Mimi nilikuwa shambani. Yeye alikuwa amekaa kando ya redio na hakusikia. Wanyonyi akazikwa bila yeye. Tangu hapo hataki kukaa na watu. Naogopa.

Jumatano, 8 Agosti
Anajenga sebuleni. Karatasi ya maelezo ni ya Kiingereza, tunafuata picha. Ameweka ubao wa nyuma mbele, akafungua tena. Akacheka peke yake. Nimeshukuru Mungu.

Ijumaa, 10 Agosti
Kesho akina mama wa kanisa wanaombea hapa kwetu. Nimesiriba sakafu yote na mavi ya ng'ombe. Boksi nililisukuma kando, nikasiriba pale lilikuwa, nikalirudisha. Nyumba inapendeza.

Jumamosi, 11 Agosti
Nimeharibu. Sakafu ilikuwa mbichi, boksi limekunywa maji. Ubao wa chini umefura kama mkate. Kumbe hizo mbao si mti, ni maranda yamebanwa na gundi. Mimi ningejulia wapi?

Baba Nasimiyu akasema na ile sauti yake kubwa, mbele ya wageni, "Si ungeliogesha kabisa, na sabuni." Wakacheka. Nikacheka pia. Halafu nikaenda jikoni nikalia.

Amelifunika na gunia. Ati basi.

Jumatatu, 13 Agosti
Anakula, anatoka. Nimesema pole mpaka nimechoka. Sijui hasikii ama hataki kusikia.

Jumanne, 14 Agosti
Nimeng'oa rafu ya kabati langu la vyombo. Hiyo ni mti kabisa. Nikampelekea pamoja na msumeno, nikasimama hapo.

Akaiangalia. "Na vikombe utaweka wapi?"

Nikamwonyesha chini.

"Wewe mama, wewe." Akachukua msumeno.

Alhamisi, 16 Agosti
Boksi limesimama juu ya matofali, limeunganishwa na redio. Chini rangi yake ni tofauti, haidhuru.

Jioni nilikuwa jikoni nachambua mboga. Matangazo ya vifo yakaanza, sauti ikajaa nyumba. Akaniita.

"Mama Nasimiyu, kuna mzee amekufa Sirisia. Tunamjua?"

Akataja jina. Nikaenda mlangoni nikatikisa kichwa. Hatumjui.

"Haya. Maskini."

Akarudisha sikio kwa spika. Nikaleta mboga zangu, nikakaa karibu naye mpaka majina yakaisha.