Salamu za Mama kutoka Ruaruke

Kaka Abubakary,

Shikamoo. Hiyo unaipata kwa sababu wewe ndiye mkubwa.

Mimi mzima. Huku mpakani Ruvuma mvua haikatiki, na gari letu la deraya limezama matopeni mara mbili wiki hii. Simu bado zimezuiwa, ndiyo maana naandika.

Juzi Saidy, mwenzetu wa kikosi anayetoka Dimani, jirani na kwetu, alirudi kutoka likizo. Akanishika mkono. "Pole na msiba, kamanda. Hata arobaini ya mama nilikuwepo."

Nikacheka. "Mama wa nani?"

Akauachia mkono wangu. "Kumbe nyumbani hawajakwambia."

Kaka, hesabu nazijua. Mama mlimzika kabla mpunga haujatoa masuke, na tangu hapo umeniandikia barua tatu. Ya kwanza, mama anakusalimu. Ya pili, mguu wake umepona. Ya tatu, yuko juu ya dungu shambani anafukuza ndege, anasema usiache kuswali. Hiyo niliwasomea wenzangu wote garini, tukafurahi.

Desturi naijua: aliye mbali hapewi habari ya msiba mpaka arudi, tena aliyeshika bunduki. Lakini kuficha ni kunyamaza. Wewe ulimsemea maiti, ukamponya na mguu.

Nijibu jambo moja tu. Siku ile ya mwisho, aliniulizia? Kama hakuniulizia, andika hivyo hivyo. Salamu za kutunga nimeshapata za kutosha.

Ni mimi mdogo wako,
Abdulazizi